Nyumba Yetu, Ardhi ya Mwenyewe: Hotuba Kuhusu Haki ya Makazi Mombasa

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, ndugu zangu vijana, assalaam alaykum, na nyote hamjambo.

Nimealikwa kuzungumza juu ya haki ya makazi, na kwa kuwa mimi ni wakili, huenda mlitarajia nianze na Katiba. Nitaifikia. Kwanza naomba idhini yenu nianze na mkebe wa biskuti, ule wa bati wa mviringo, ambao marehemu baba yangu aliuweka juu ya kabati na ambao hakuna mtoto aliyethubutu kuugusa. Ndani hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na risiti.

Tulikuwa tukikaa Kisauni katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi ukipita katikati kutoka barazani hadi uani, kama zilivyo nyumba nyingi za Kiswahili ambazo wengi wenu mmekulia. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la makuti na baadaye la mabati. Vyumba viwili vilikuwa vyetu na vinne vilikuwa na wapangaji, kwa sababu ujira wa kibarua wa bandarini haukutosha kusomesha watoto watano. Nyumba ilikuwa yetu. Ardhi ilikuwa na mwenyewe. Kila mwezi baba alivaa kanzu safi, akaenda kwa wakala wa mwenye ardhi, akalipa kodi ya ardhi, akarudi na risiti, akaitia mkebeni.

Mama aliomba sakafu ya simiti kwa miaka. Alikuwa amechoka kunyunyiza maji kila asubuhi ili vumbi litulie, na mdogo wangu alikuwa na pumu. Jibu la baba halikubadilika: "Mamake Asha, simiti haing'oki. Siku tukiambiwa tuondoke, mabati nitayashusha, mlango nitaung'oa. Sakafu nitaibeba vipi?"

Kisha mwezi mmoja baba alirudi na pesa zake mkononi. Wakala alikuwa amemwambia kwamba kodi haipokelewi tena. Wenyeji wa Mombasa wanajua maana yake. Kodi ya ardhi ikikataliwa, mtu hahitaji kusubiri notisi. Ardhi ilikuwa imeuzwa. Miezi michache baadaye mimi na baba tulifungua bawaba za mlango wa mbele, tukautoa mlango pamoja na fremu yake, tukaupakia kwenye mkokoteni pamoja na mabati yaliyoweza kuokolewa, tukaupeleka kwa mjomba Likoni, ambako hadi leo ndio mlango wa jiko lake. Wapangaji wetu wanne hawakuwa na mlango wa kupakia. Walibeba magodoro na masufuria, na hatukujua walikoishia.

Nimesimulia hayo kwa sababu nilipofika chuo kikuu na kusoma sheria ya ardhi, nilikutana na jambo lililonikosesha usingizi. Sheria yetu inasema kwamba mtu akikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila idhini ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kudai ardhi ile iwe yake. Sharti kubwa ni hilo la kukosa idhini. Aliyeingia kwa ruhusa na kulipa kodi hawezi kudai, hata akikaa miaka 40, kwa sababu kila risiti aliyopewa ni ushahidi kwamba alikuwepo kwa hisani ya mwenye ardhi. Yaani mkebe wa baba, ambao aliutunza akidhani ndio ngao yake, mbele ya hakimu ungekuwa shahidi wa upande wa pili. Mvamizi aliyekaa kimya ana njia ya kufika kwenye hatimiliki. Mtu mwaminifu aliyelipa kila mwezi hana. Nimewaeleza wateja wangu jambo hili mara nyingi, na sijapata bado namna ya kulieleza bila kuona aibu kwa niaba ya taaluma yangu.

Mfumo huu wa nyumba bila ardhi haukuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908, iliyotumika katika ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, iliwataka wenye kudai ardhi wajitokeze na kusajili madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikageuka mali ya Serikali ya Mwingereza. Waliokuwa na nyaraka, fedha na habari walisajili. Wengi waliokuwa wakilima na kuishi kwa mazoea ya mababu hawakusajili, na wajukuu wao ndio leo tunaowaita maskwota katika miji waliyozaliwa. Mji ulipopanuka kwa sababu ya reli na bandari, watu waliokuja kufanya kazi walijenga Majengo na mitaa iliyofuata juu ya mashamba ya watu, kwa mapatano rahisi: jenga nyumba yako, nilipe kodi ya ardhi. Mapatano hayo yaliujenga mji huu bila serikali kutoa hata boriti moja. Kasoro yake ni kwamba yalifanywa kwa mdomo, na yakaachwa hivyo hivyo kwa zaidi ya karne.

Naomba pia tukumbuke kwamba Mombasa ni mji uliowahi kusimamisha kazi kwa ajili ya nyumba. Mwishoni mwa Julai 1939 vibarua wa idara ya ujenzi ya serikali walianza mgomo, na dai lao kubwa lilikuwa nyumba au posho ya kulipia nyumba. Siku chache baadaye mgomo ulikuwa umewafikia wafanyakazi wa manispaa, wa kampuni za mafuta na wa bandari. Tume iliyoundwa kuchunguza, chini ya uenyekiti wa Willan, ilikuta jambo ambalo kila mtu wa Majengo alilijua: wafanyakazi walikuwa wakibanana vyumbani kwa kodi iliyomeza sehemu kubwa ya ujira wao. Januari 1947 mji ukagoma tena, safari hii wafanyakazi wapatao 15,000, kwa siku kumi na mbili hivi.

Matunda ya migomo hiyo tunayala hadi leo bila kujua ni nani aliyeupanda mti. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kuridhisha, au amwongezee juu ya mshahara kiasi cha kutosha kulipia kodi ya nyumba. Amri za kima cha chini cha mshahara huweka marupurupu hayo ya nyumba kuwa asilimia 15. Kwa hiyo anayeniambia kwamba haki ya nyumba ni fikra ngeni, iliyoletwa na wafadhili, namjibu kwamba haki hiyo imo katika sheria za nchi hii tangu enzi za babu yake. Ila imefungwa kwenye mkataba wa kazi. Ukiwa na barua ya ajira unayo. Ukiwa mchuuzi wa mahamri Kongowea, mwendesha bodaboda Bombolulu au kibarua wa kushusha magunia kwa siku, huna. Na zaidi ya asilimia 80 ya ajira katika Kenya iko katika sekta hiyo isiyo rasmi. Ninachodai jioni hii, nikikieleza kwa kifupi, ni kwamba haki ile iliyopatikana kwa mgomo wa 1939 ihamishwe kutoka kwa mfanyakazi na kupewa mtu.

Katiba ya mwaka 2010 imeshafanya hivyo kwa maneno. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kupata makazi yanayofikika na ya kutosha, pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi. Kifungu cha 21 kinaiagiza serikali itunge sheria, sera na viwango ili haki hiyo itimie hatua kwa hatua. Kifungu cha 20 kinaongeza jambo ambalo wengi hawalisomi: serikali ikidai kwamba haina uwezo wa kuitimiza haki hiyo, ni juu ya serikali yenyewe kuthibitisha kwamba rasilimali hazipo. Mzigo wa kuthibitisha hauko kwa mjane aliyebomolewa nyumba. Hayo si maneno ya kupamba, na hakimu anaweza kuyatumia.

Lakini tazameni inachukua muda gani. Mwaka 2011 nyumba za kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, zilibomolewa wakati kesi ilikuwa mahakamani na amri ya kuzuia ilikuwa imetolewa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwapa wakazi ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaufuta. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba watu wasio na ardhi wanapokalia ardhi ya umma na kufanya makazi humo, hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makazi ambayo sheria italinda. Ni hukumu kubwa, na mimi huitaja karibu kila wiki. Hata hivyo, Mahakama ya Juu iliirudisha kesi Mahakama Kuu ili iamuliwe wakazi wapewe nini hasa, takriban miaka kumi baada ya tingatinga kuondoka. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile ya ubomoaji alikuwa tayari sekondari.

Tena hukumu hiyo inahusu ardhi ya umma. Kwa Mombasa, ambako sehemu kubwa ya watu wanaoishi kwa wasiwasi wako kwenye ardhi ya watu binafsi, na mara nyingi wenye ardhi wanaishi mbali na hawajafika hapa kwa miaka, inatufikia nusu njia. Kwa ardhi ya binafsi tuna marekebisho ya mwaka 2016 katika Sheria ya Ardhi, yanayotaka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, wahusika wajitambulishe na kuonyesha idhini kabla ya kubomoa, utu wa watu uheshimiwe, na walioathirika wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Soma tena hilo la mwisho. Sheria ilifika miaka mingi baada yetu na ikatupa haki ya kufungua bawaba za mlango wetu. Siidharau, kwa sababu nimeona nyumba zikiangushwa alfajiri na vyombo vikiwa ndani. Ila ni sheria ya namna ya kumtoa mtu. Haisemi neno juu ya pahali anapokwenda.

Sasa niingie kwenye hesabu, maana najua humu ukumbini mna wafanyabiashara, na wao husikiliza huruma kwa adabu lakini huandika namba tu.

Hesabu ya kwanza ni sakafu ya baba. Nyumba ya vyumba sita ni biashara. Ina mapato ya kila mwezi, ina wateja wasiokatika, na mwenyewe yupo papo hapo. Katika hali ya kawaida mtu angeweka akiba, akamwaga simiti, akajenga choo cha maana, akaingiza maji na umeme, akapandisha ukuta wa mawe, na fundi, muuza mchanga, duka la vifaa na serikali ya kaunti wote wangepata chao. Asiye na hakika ya mwaka ujao hafanyi hata moja. Hujenga kwa vitu vinavyong'oka. Kwa hivyo tunapoona mtaa mzima wa mabati na udongo ambao umekaa hivyo kwa miongo mitatu, tusifanye haraka kusema watu wale ni maskini tu. Humo mna watu wenye fedha za kutosha kumwaga simiti na wenye akili za kutosha kutoimwaga. Ni mtaji uliogandishwa na sheria.

Hesabu ya pili ni gharama ya kuishi bila huduma. Mtaa usiotambuliwa haupelekewi bomba, na aliye bila bomba hununua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni. Kila mama hapa anajua kwamba mtungi, ukipimwa kwa lita, ni ghali mara kadhaa kuliko maji ya mfereji wanayooga watu wa Nyali. Maskini wa Mombasa hulipa zaidi kwa kitu kilekile, kisha kipindupindu kikija tunalipa wote, kwa sababu hospitali ni za umma na inzi hawaheshimu mipaka ya viwanja. Tukumbuke pia Owino Uhuru kule Jomvu, ambako wakazi waliathiriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kiwanda kama kile hakijengwi mahali ambapo wakazi wanahesabiwa kuwa wenye mahali. Hujengwa pale ambapo kila ofisa anaweza kusema, hawa si wanakaa tu?

Hesabu ya tatu ni mahali penyewe. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi na kijamii, katika maelezo yake ya mwaka 1991, ilisema makazi ya kutosha hayapimwi kwa kuta na paa pekee. Yanapimwa kwa usalama wa umiliki, huduma, gharama, uimara, ufikikaji, utamaduni na mahali yalipo kwa kulinganisha na kazi. Kaunti yetu ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 220. Hakuna pori la kuwatupa watu. Familia ikitolewa kisiwani, inavuka maji au inapanda Mazeras, na kila asubuhi inarudi kwenye kazi ileile kwa nauli mpya. Anayevuka feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amebanwa katikati ya mikoba na baiskeli, anajua jinsi kodi ya nyumba inavyoweza kulipwa kwa saa za usingizi.

Nitapita haraka kwenye hoja ya kwamba serikali inajenga nyumba za bei nafuu, na kwa hivyo hakuna haja ya haki. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Imetenga nyumba za kijamii kwa ajili ya wenye mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Nyumba zijengwe, na zijengwe nyingi. Lakini mradi ni mradi. Mradi huchagua wateja wake, una bajeti inayopanda na kushuka, una siku ya kuzinduliwa na utepe wa kukatwa. Haki hukupa mahali pa kwenda siku usipochaguliwa. Hapa kwetu mitaa ya zamani ya manispaa imewekwa katika mpango wa kujengwa upya, na Buxton ilianza kubomolewa mwaka 2021. Waliokuwa wapangaji pale walitegemea mapatano, barua na kesi, na hawakuwa na sheria moja iliyosema waziwazi mpangaji wa muda mrefu wa nyumba ya umma anastahili nini nyumba hiyo inapojengwa upya. Fikirieni hilo mnapopita Khadija, Mzizima au Tudor.

Hoja nzito zaidi ni ya wenye ardhi, nami sitaki kuipita, kwa sababu Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali na hicho nacho ni haki. Mwenye ardhi huniuliza: je, baba yako angepewa ardhi yangu bure? Hapana. Mwaka 2015 serikali ilikubali kununua shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari mwaka uliofuata hatimiliki zilianza kutolewa kwa wakazi. Walitakiwa walipe shilingi 182,000 kila mmoja kwa miaka 12, na manung'uniko yakawa mengi, kwani wapo walioona wanauziwa ardhi ya mababu zao. Manung'uniko hayo nayaheshimu. Bado napata somo moja hapo: mwenye ardhi alilipwa, wakazi walibaki, na mambo yale yaliyotushinda kwa miongo mingi yalimalizwa kwa hesabu na karatasi. Nisichokubali ni kwamba kila shamba lingoje umwagaji damu na mwaka wa kisiasa ndipo rais aje na hatimiliki kwenye masanduku.

Wanaosema jambo hili halijapata kufanywa popote, nawaelekeza ng'ambo ya bahari hii hii. Kolkata, mji wa bandari kama wetu, ulikuwa na mfumo unaofanana na wetu kiasi cha kushangaza: mtu anakodi kiwanja, anajenga kibanda, anapangisha vyumba. Mwaka 1949 walitunga sheria mahsusi ya wapangaji hao wa ardhi, wanaoitwa thika, ikazuia wasitolewe kwa matakwa tu. Mwaka 1981 wakaenda mbali zaidi, serikali ya jimbo ikaichukua ardhi hiyo, na wenye vibanda wakawa wapangaji wa serikali moja kwa moja. Sisemi yote yalikwenda vizuri; wanasheria wa kule wanabishana mpaka leo. Nasema waliliandika. Sisi tuna mfumo wa zaidi ya miaka mia unaowalaza maelfu ya watu, na haumo ndani ya sheria yoyote kwa jina lake.

Ufaransa nayo ilitunga mwaka 2007 sheria inayomruhusu mtu asiye na nyumba kuishtaki serikali, baada ya mahema kupangwa kando ya mfereji wa Saint-Martin mjini Paris katika baridi ya mwaka 2006. Scotland iliahidi mwaka 2003 kwamba ifikapo 2012 kila asiye na makazi bila kosa lake awe na haki ya kupewa, na ikaandika kwenye sheria. Foleni za kungoja nyumba hazijaisha, Edinburgh na Glasgow zilitangaza hali ya dharura ya makazi mwaka 2023. Sheria haifyatui matofali. Ila hizo foleni zina majina, tarehe na namba za maombi, na ofisa anayemkataa mtu anatakiwa aandike sababu na aweke sahihi. Afrika Kusini, kwa upande wake, ina hukumu ya Grootboom ya mwaka 2000, iliyoitaka serikali iwe na mpango wa kuwasaidia wasio na makazi kabisa na inayofundishwa katika vyuo vya sheria duniani kote, na Irene Grootboom mwenyewe, mdai katika kesi hiyo, alifariki mwaka 2008 bila nyumba. Kila nikimkumbuka mama huyo napunguza mapenzi yangu kwa hukumu nzuri na kuongeza mapenzi yangu kwa sheria zenye tarehe na bajeti.

Basi nini kiandikwe? Kwanza, mapatano ya nyumba bila ardhi yatambuliwe. Mwenye nyumba anayelipa kodi ya ardhi asajiliwe katika daftari la kaunti, kodi yake iwe na kanuni, kukataa kuipokea kusimpotezee chochote, na ardhi ikiuzwa yeye na majirani wake waulizwe kwanza kama wanataka kuinunua. Wakishindwa, walipwe thamani ya majengo kabla ya kutolewa, pamoja na ile sakafu. Bunge la kaunti linaweza kuanza na daftari hilo kesho. Kwa ule upande wa mauzo na fidia itabidi tuwasukume wabunge wetu Nairobi.

Pili, mpangaji wa chumba asisahauliwe, maana wenye nyumba sisi husema sana juu ya dhuluma za wenye ardhi na tukanyamaza juu ya zetu. Sheria ya kudhibiti kodi, ambayo bado iko vitabuni, inawalinda wapangaji ambao kodi yao ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miongo kadhaa iliyopita. Niambieni ni chumba gani Mishomoroni chenye umeme kinapatikana kwa hizo. Aliye juu ya kiwango hicho akifungiwa mlango kwa kufuli la landilodi, inabidi aende mahakama ya kawaida na gharama zake, kwa deni la mwezi mmoja. Kiwango hicho kiondolewe, na baraza la kusikiliza kesi hizo likae Kisauni, Likoni na Changamwe kwa siku zinazojulikana.

Tatu, na hili ndilo wanaloliogopa zaidi maofisa niliozungumza nao: mtu yeyote atakayepoteza makazi awe na ofisi moja ya kaunti inayolazimika kumpokea, kumwandika, na kumjibu kwa maandishi katika muda uliotajwa. Hata kama jibu ni kwamba leo hakuna nafasi. Kwa jibu hilo mkononi ataweza kwenda mahakamani, na hapo ndipo serikali itakapolazimika kutimiza Kifungu cha 20 na kuonyesha fedha zilikokwenda. Naelewa kwa nini wanaogopa.

Nimepewa ishara kwamba muda wangu umekwisha. Mkebe wa baba ninao ofisini, na sasa risiti zilizomo si zake peke yake. Wateja wengine waliniachia zao. Nitakuwa pale nje barazani mpaka swala ya isha. Walio na risiti za kodi ya ardhi, hata zilizoliwa na mchwa, hata zenye sahihi ya wakala aliyekwishafariki, waje nazo tuzipige picha na kuziorodhesha, jina la shamba, jina la mwenyewe na mwaka. Ile ya asili usimpe mtu yeyote, hata mimi.